Peintre de la Cour wa Kasongo

Jumatatu, 3 Agosti 1936
Madamu mmoja amefika kutoka Ubelgiji na masanduku sita ya rangi. Hippolyte, karani wa Bwana Mkubwa, Mzungu anayetutawala hapa, anasema ni peintre de la cour, yaani mpaka rangi wa cour. Nimecheka. Cour ni uwanja wa nyumba! Kuta za viwanja vya Kasongo nimezipaka chokaa mimi, miaka kumi na moja. Wa kuletwa kwa meli wa nini?

Jumanne, 4 Agosti
Hippolyte amenisahihisha sokoni, mbele ya watu. Eti cour hiyo ni jumba la mfalme. Madamu huchora sura za wakubwa wa huko. “Mama Pascaline, ule iko mutu mukubwa!” Nikamuuliza kama mfalme hana uwanja. Safi, muuza mihogo, alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimejipeleka kwa Madamu kumpeleleza. Nguo mpya, viatu vya harusi vya dada yangu. Vinabana. Amependa sura yangu, akanichora! Nimekaa kitini kwa muda wa saa tatu bila kukohoa. Picha itatundikwa kwa mfalme.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimeiona. Miguu mitupu! Chini yake ameandika: “Mwanamke wa Kasongo.” Kupitia Hippolyte nilimweleza Madamu kwamba nilivaa viatu, tena nina jina. Akajibu kwamba kule wanapenda hivyo. Kule! Miguu ya nani?
Madamu alipolala mchana, nilirudi na brashi ya chokaa. Nimejivisha viatu. Brashi ni pana, vimefika magotini. Jina nalo halikuenea: PASCA.

Jumamosi, 8 Agosti
Kelele za Madamu zimesikika mpaka msikitini. Bwana Mkubwa amenihukumu kupaka chokaa kuta zote za baraza la hukumu, wiki mbili, bure. Hippolyte alinisomea hukumu akitabasamu. Nikamuuliza baraza hilo Wazungu wanaliitaje. Akajikuna. Akasema: la cour.
Tabasamu likaisha.

Jumatatu, 10 Agosti
Madamu amekwangua picha siku mbili. Kiatu cha kushoto hakitoki. Kitafika kwa mfalme!
Nimemaliza ukuta wa kwanza. Juu ya chokaa, kwa udongo mwekundu na brashi ileile, nimeandika: PASCALINE PEINTRE DE LA CO.
UR itakaa ukuta wa pili.