Kompyuta Arobaini na Kiti Kimoja cha Mbele

Jumatatu, 2 Juni 2025. Miaka miwili, miezi mitatu na siku tisa tangu niondoke Masasi.

Mgongo unauma. Tangu asubuhi nashusha kompyuta za mitumba, kila moja na kabila lake. Hapa karakana ya Mikocheni tunazifufua ziende mashuleni. Mie kazi yangu kubeba. Leo Bi Najma, mwenye karakana, katangaza kwamba arobaini zinakwenda shule ya kijijini kwetu. Kwetu! Lori linaondoka Ijumaa, maana Jumamosi ni Idi. Kiti cha mbele ni kimoja tu, cha atakayekwenda kuziwasha. Mdomo wangu ukasema, bila kuniuliza, kwamba hata mie naweza.

Rogers, fundi mwenye cheti, akataka kujua kama nitaziwasha kwa bega. Wote wakacheka. Bi Najma hakucheka. Akasema haya basi, atakayeleta Alhamisi flashi moja ya kuziamsha zote arobaini, kiti chake.

Nimempigia mke wangu, Marietha. Nimemwambia Jumamosi nalala nyumbani. Kapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Nimekwisha.

Jumanne, 3 Juni.

Mambo yenyewe ni haya. Ndani ya flashi kuna kiini. Ndicho kinachoiambia kompyuta hiki ni kibodi, hiki ni diski. Kabla ya kompyuta kukipika, yaani kukiunda, unaulizwa maelfu ya maswali: kifaa fulani kiwemo? Ndiyo, hapana, au kikae pembeni kiitwe kikihitajika. Kila swali linakuja na jibu lake tayari, waliloliweka waliokitengeneza. Ukitaka unalibadili. Nimemchungulia Rogers mwaka mzima, najua pa kubonyeza. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndiyo na hapana nazijua.

Mpango: NDIYO kwa kila kitu. Vifaa vya redio, vya mitambo mikubwa, vya michezo, wote karibuni! Kimepikwa toka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Kimetoka kinene kama gunia la mkaa. Kompyuta kuukuu zimeshindwa kukimeza. Skrini nyeusi, moja baada ya nyingine. Zilizoamka: tisa. Nimekaa nyuma ya maboksi nikatamani kulia.

Rogers kapita na kikombe cha chai. Kwa sauti ya kumtembelea mgonjwa akasema braza, yaache majibu yalivyo, yamechaguliwa na watu waliokwishaona mashine za dunia nzima. Nikamwambia huo ni uvivu wenye cheti.

Jumatano, 4 Juni.

Mpango mpya: kupunguza. Kitu nisichowahi kukibeba, HAPANA. Kama kipo mjini hapa kimepita mgongoni kwangu. Nimekata mchana kutwa. Raha iliyoje! Nikafika kwenye kibodi za zamani, zile za plagi ya mviringo. Hizo nilizibeba, ndiyo, magunia matatu, lakini nilizipeleka kwa wanunua chuma chakavu kule Mwenge. Marehemu. HAPANA.

Kiini kikatoka chembamba. Nikawasha zote. Skrini arobaini zinawaka! Nimezizunguka mara mbili nikihesabu. Rogers kashinda nje anacheza drafti na Kornelio, mlinzi. Nilimwonea huruma.

Alhamisi, 5 Juni.

Sina hamu ya kuandika.

Bi Najma kaja, kaona zinawaka, kanipongeza. Kisha kaketi mbele ya laptop aandike jina lake. Akabonyeza N. Kimya. A. Kimya. Akaniuliza, Venance baba, hii inasikia kweli? Nikasema labda imechoka. Akahamia ya pili, ya tatu. Kati ya zile arobaini, laptop zote kumi na mbili zimeamka, zimetoa macho, hazisikii kidole. Rogers akaeleza, bila kuombwa, kwamba kibodi ya laptop ndani kwa ndani inapita njia ile ile ya kibodi za plagi ya mviringo. Ukizikataa zile umezikataa na hizi. Ningejuaje? Haina hata plagi!

Flashi yake yeye hakubadili hata jibu moja. Arobaini zimeamka, arobaini zimeandika.

Bi Najma hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kasema nikapumzike, kesho kuna kupakia.

Ijumaa, 6 Juni.

Nimepakia kompyuta arobaini kwenye lori linalokwenda kwetu. Rogers, kiti cha mbele, kauliza nyumba yangu ni ipi. Nikamwelekeza: ukipita zahanati, kulia, mlango wa bluu. Nikampa kitenge cha Marietha na viatu vya binti yangu, Anna. Nilimwacha anatambaa. Saizi nimekisia. Rogers kasema usijali kaka, akaviweka kwenye begi lake mwenyewe, si kule nyuma. Sikupenda. Kumchukia kungekuwa rahisi zaidi.

Nimempigia Marietha. Nimemweleza anayekuja ni Rogers. Mwisho kauliza huyo Rogers anakula kuku, maana ameshachinjwa.

Jumatatu, 9 Juni.

Rogers kapiga simu toka kwetu. Zote zinawaka, walimu wanacheka wenyewe. Kuku alikuwa mtamu. Viatu vimembana Anna, anavivaa hivyo hivyo, hataki kuvivua.

Nikatoka nje kidogo.

Niliporudi Bi Najma kanambia Agosti kuna nyingine ishirini na tano, za shule ya jirani na kwetu. Kiti kimoja. Nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona: niliogopa. Nilibadili machache mno. Leo nimekaa kwenye meza ya Rogers, nimeanza swali la kwanza kabisa. Kila jibu ninalolikuta naligeuza. Penye ndiyo, hapana. Penye hapana, ndiyo. Hao walioona mashine za dunia nzima, Masasi wamefika lini?

Nimeshampigia Marietha. Jumamosi, tarehe 16 Agosti, kabla ya chakula cha mchana, nipo nyumbani.