Mapigo Yangu Matatu Yasipigwe na Kompyuta

Karakana ya Seremala,
Mlango wa buluu, ukuta mmoja na studio yenu.

Kwa Ndugu Msimamizi wa Wasanii Wanaoimba Upya Nyimbo za Marehemu Waya,

YAH: MALALAMIKO YA MPIGA NYUNDO ALIYESAHAULIWA

Ndugu Msimamizi, leo hunipi shikamoo wala mimi siitikii marahaba, maana barua hii si ya babu kwa mjukuu wake. Ni ya msanii kwa ofisi. Kwa hiyo usicheke unapoisoma kama unavyocheka ukija kula kwangu, na tafadhali sana usimpe bibi yako. Nimeiandika kwa mkono wangu, kwa penseli ya kuchoria mbao. Elimu yangu unaijua: niliacha shule darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa vitu vya kunifundisha. Ukiona herufi zimepinda, kumbuka kwamba maishani mwangu nimenyoosha vitu vikubwa kuliko herufi.

Kazi mnayoifanya naielewa na ninaiheshimu. Waya, jirani yangu wa ukuta, huu ni mwaka wa pili tangu atutoke. Tulimwita Waya kwa sababu alikuwa mwembamba na kila ukimkuta amejiviringisha kwenye nyaya za spika. Alipoanza na lile gitaa lake la umeme, redio zilimkataa. Watu walisema anaimba kama mtu anayegombana na mkewe jikoni. Leo kila kijana mwenye gitaa la roki anajiita mtoto wake. Sasa nyinyi wasanii msio na kampuni wala bosi mmejikusanya, bendi kumi, nyimbo kumi, kila bendi na wimbo wake, na mmekodi chumba kile kile alichorekodia ili mumuenzi. Vizuri sana. Mtu akishakufa ndipo hupimwa urefu wake sawasawa. Hilo nalijua kwa sababu nimetengeneza majeneza mengi.

Lakini katika kumuenzi yeye mmenidhulumu mimi, kama ifuatavyo:

1. Karatasi. Jumatatu nimefika kazini nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wangu: "Mzee wetu, tunakuomba usigonge kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Tunarekodi." Mwandiko ni wako, hiyo "g" yenye mkia wa mjusi naijua tangu ukiwa chekechea. Ndugu Msimamizi, kunikataza mimi kugonga wakati nyimbo za Waya zinarekodiwa ni kama kumwambia jogoo anyamaze kupambazuke kwanza. Nilikuja kuuliza. Hukuwepo. Nilimkuta mpiga ngoma wenu, yule mwenye ndevu za beberu, akaniambia kwa adabu zake zote, "Babu, nyundo yako inaingia kwenye maiki." Nikamjibu, "Mwanangu, iliingia kabla hujazaliwa." Akacheka. Alidhani natania.

2. Mapigo yenyewe. Hapa ndipo panaponiuma. Wimbo wa "Nitarudi Jumanne" hakuna asiyeujua. Mnajua pale karibu na mwisho, inaposikika ko! magitaa yote yakanyamaza ghafla, halafu ko, halafu kimya, halafu ko! ndipo gitaa la Waya linarudi kama mtu aliyevunja mlango. Mapigo hayo matatu ndiyo yaliyoupa wimbo sifa. Wajuzi wa muziki wameyaandikia makala magazetini. Mmoja alisema ni moyo wa mtu anayesubiri. Mwingine alisema ni hatua za yule aliyeahidi kurudi. Mwalimu mmoja wa muziki alisafiri siku nzima kuja kumuuliza Waya, naye Waya akacheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Muulize seremala."

Nami nilimweleza, kama nilivyomweleza kila mtu kwa miaka thelathini na minne. Siku ile nilikuwa upande wangu wa ukuta nikigongelea miguu ya kiti cha Waya mwenyewe, kiti alichoniagiza ili awe anakikalia akirekodi. Yeye anaimba, mimi namtengenezea pa kukalia. Huo ndio ushirikiano wa wasanii. Kiti chenyewe kilichelewa kidogo kumfikia, lakini hilo si la barua hii.

Sasa nyinyi mmefanya nini? Ndevu za Beberu ameyapiga mapigo yangu kwenye kompyuta! Nimeyasikia kupitia ukuta nikiwa nimekaa kimya kama mlivyoniagiza. Yote matatu yamelingana kama meno ya bandia. Yangu hayakulingana. La kwanza zito, la pili jepesi, la tatu limechelewa, tena limechelewa mpaka msikilizaji anaingiwa na hofu kwamba halitakuja. Kitu hicho hakifundishwi. Mimi mwenyewe nimejaribu kukirudia mara nyingi nikiwa peke yangu hapa karakana, na sikuwahi kukipata tena, jambo linaloonyesha jinsi kilivyo kigumu.

3. Sifa zangu. Nimeona orodha mliyobandika: gitaa, besi, ngoma, kinanda, sauti. Nyundo haipo. Hamkuniuliza nina uzoefu gani. Basi someni. Kwenye harusi na misiba najitambulisha kama mwanamuziki mstaafu. Mashemeji zangu wamenikataza, lakini najitambulisha. Mteja akija kulalamika kwamba kabati lake linayumba, humwekea kanda ya Waya, nikanyanyua kidole yanapofika mapigo matatu, naye huondoka na kabati lake lile lile akiwa amenyamaza. Zaidi ya hapo, nusu ya maneno ya wimbo ule ni yangu. Hiyo Jumanne mnadhani Waya aliitoa wapi? Ukuta huu ni mwembamba. Kila siku alinisikia nikiwaambia wateja: meza yako Jumanne, kitanda chako Jumanne, mama njoo Jumanne utakuta tayari. Miaka miwili alisikiliza ndipo akatunga. Watu wanalia machozi kwa wimbo wa mpenzi aliyeahidi kurudi. Mpenzi huyo ni mimi na makabati ya watu.

4. Kutokana na hayo, naomba nyundo iwekwe kwenye nyimbo zote kumi. Msishtuke, nimeshapanga. Ule wimbo wa mapenzi wa polepole nitaupiga kwa msasa, taratibu, ni sauti laini sana ukiujua mkono wake. Ule wa kumzika mama yake nitauwekea msumeno. Msumeno butu unalia kuliko binti yeyote mliye naye. Wimbo wa sita una kasi, na kiwiko changu cha kulia hakipatani tena na kasi, kwa hiyo huo nitakuwepo tu, nimesimama, watu wanione.

5. Lalamiko la tano niliandika rasimu yake juu ya ubao, na kwa bahati mbaya ubao huo sasa ni mgongo wa kabati la mteja. Lilikuwa lalamiko zito. Akilirudisha kabati kama kawaida yao, nitawaletea.

6. Ukuta. Nimesikia mnataka kuupaka rangi pande zote mbili ili studio ipendeze kwenye picha. Nakataza. Upande wangu, usawa wa kifua, kuna mashimo matatu yaliyoachwa na nyundo siku ile ya kihistoria, na hadi leo sijayaziba. Wageni nawaonyesha. Mwalimu wa muziki aliyagusa kwa kidole na kufumba macho. Naomba kipande hicho cha ukuta kihifadhiwe, na picha ya jalada la albamu iwe ya mashimo hayo, mimi nikiwa pembeni nimeyanyooshea kidole. Waya awekwe nyuma, kwa ndani. Yeye hakupenda kupigwa picha. Mimi napenda.

7. Na nikifikiri zaidi, Ndugu Msimamizi, sauti ya Waya mmeiondoa, kila bendi inaimba kwa sauti yake. Gitaa lake mmeliondoa. Katika wimbo ule kitu pekee cha siku ile ambacho bado kipo hai, kinatembea na kina meno yake mwenyewe isipokuwa manne, ni mimi. Kwa hiyo ingekuwa haki mkusanyiko huu uitwe wa kunienzi mimi. Tena mimi naweza kuhudhuria.

Naambiwa wimbo wa "Nitarudi Jumanne" mnamaliza kuurekodi Jumanne hii hii. Baada ya hapo hautaguswa tena, na watoto wa watoto wenu watasikia kompyuta wakidhani ndiyo mimi. Nisipoitwa kabla ya siku hiyo, nitaanza kazi ya madawati arobaini ya shule, na nitaianza saa nane kamili mchana, kwa misumari ya inchi nne.

Nawatakia kazi njema. Nisalimie binti wa besi, huyo anajua kusalimia watu. Nisalimie wanaopokezana kwenye kinanda, mwenye kupika chai, na yule fundi mitambo anayelala na vifaa vya masikioni kichwani. Ndevu za Beberu mpe salamu nusu.

Ni mimi, msanii mwenzenu wa upande wa pili wa ukuta,

Mpiga Nyundo (Seremala)

Nyongeza: Bibi yako ameisoma. Niliificha chini ya randa, lakini mwanamke huyu huona chini ya randa. Amecheka hadi akatafuta pa kukaa. Kisha akafuta machozi, akaniuliza swali moja tu: "Mume wangu, kama siku ile ulikuwa unagongelea kiti, hayo mashimo ya ukutani yametoka wapi? Kiti ulikuwa unakitengenezea ukutani?"

Miaka thelathini na minne, magazeti na walimu wa muziki, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilitafuta jibu kama mtu anayetafuta penseli iliyo sikioni mwake. Sikulipata. Amesema nikikupa barua hii bila kuongeza ukweli, ataongeza yeye, tena mbele ya bendi zote kumi.

Basi ukweli ni huu. Siku ile hapakuwa na kiti. Palikuwa na mbao za kiti, nami nilikuwa nimelala juu ya maranda baada ya chakula cha mchana. Watu wa Waya walikuwa wanaurekodi wimbo ule ule kwa mara ya kumi na moja. Nikainuka, nikashika nyundo, nikagonga ukuta ili wanyamaze. La kwanza lilikuwa zito kwa sababu ya hasira. La pili lilikuwa jepesi kwa sababu walikuwa wameshanyamaza, nikaona haya. Na la tatu lilichelewa kwa sababu nilikuwa nimesimama nasikiliza ule ukimya, nikaona sikuupenda. Nilitaka waendelee. Sikuwa na njia nyingine ya kuwaambia, nikagonga tena. Waya akaelewa, akaendelea.

Jioni alikuja mlangoni kwangu. Nilikuwa nimeshajiandalia matusi ya kumjibu. Akaniambia, "Fundi, leo umepiga vizuri. Kiti changu vipi?" Nikamwambia Jumanne.

Hakumwambia mtu. Aliyemuuliza alimleta kwangu, akaniacha niseme uongo wangu, naye akicheka upande wa pili. Na nyimbo zote alizorekodi hadi mwisho alizirekodi akiwa amekalia debe la rangi, kwa sababu ya Jumanne zangu. Kitu pekee nilichowahi kumtengenezea kwa siku moja ni lile sanduku tulilombebea.

Kwa hiyo futa lalamiko la pili, na la sita, na la saba nalionea aibu. Karatasi yenu nimeirudisha mlangoni kwa gundi yangu nzuri, haitabanduka. Madawati yatasubiri, shule imeshazoea.

Ila kiti nimekitengeneza. Nimekianza Jumatatu ileile mliponinyamazisha, nikikata na kupiga msasa polepole msisikie. Miguu mitatu imeshaingia. Wa nne nimeuingiza nusu, nikauacha. Unahitaji mapigo matatu tu, na nyundo ninayo ile ile.

Muulize Ndevu za Beberu kama nikilete huko au yeye alete maiki huku. Mtu asikikalie kabla wimbo haujaisha. Mimi niko tayari Jumanne, mjukuu wangu. Safari hii ni Jumanne kweli.

Babu