Siku Nne Kati ya Ronja na Paulina

Jumatatu, 5 Januari

Orodha za msimu zimebandikwa mlangoni mwa klabu ya skii. Binti yangu Ronja amepandishwa kundi la chini ya miaka kumi na minne. Paulina, binti wa jirani yangu Kassian, amebaki chini ya kumi na miwili.

Wasichana hawa walizaliwa hospitali moja. Ronja tarehe 29 Desemba, Paulina tarehe 2 Januari. Siku nne tu. Lakini katika jimbo letu zima la Tirol, Austria, watoto wanaoshindana kuteleza thelujini kwa skii hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, si kwa siku. Kwa hiyo msimu huu Paulina ndiye mkubwa kundini mwake na atazoa vikombe. Wangu atashindana na wasichana wanaompita kichwa kizima.

Nilimweleza Burgi, mke wangu, kwa kuchora mstari wa chumvi mezani. Alisema ameelewa. Alisema pia nifute meza.

Jumatano, 7 Januari

Nilikwenda kumchukua Ronja mazoezini. Garini akasema wenzake watatu waliopandishwa mwaka jana wameshaacha. Naye akiwa wa mwisho katika mbio za Jumapili, atarudisha suti ya klabu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba dirisha lifungwe.

Hapa inafaa nieleze. Nyumbani Ronja hufunga mlango wa chumba chake. Shuleni ninamfundisha hesabu, na akikutana nami ukumbini hutazama ukuta. Ni garini tu, hasa saa kumi na mbili alfajiri, skii zikiwa nyuma na chupa ya chai katikati yetu, ndipo hunieleza mambo yake. Hata ya mbwa wa rafiki yake. Akiacha mbio, tutaongea wapi?

Lazima asiwe wa mwisho. Njia iliyo safi zaidi ni kubadilisha tarehe inayogawa makundi.

Ijumaa, 9 Januari

Mkutano wa klabu, ukumbi wa wazima moto. Nilipewa dakika tano. Nilitumia arobaini, maana jedwali langu lilikuwa na rangi nne na kila rangi ilihitaji maelezo. Pendekezo langu: angalau katika mbio zetu wenyewe, Jumapili hii ikiwemo, mwaka uhesabiwe kuanzia Septemba mosi, kama shuleni.

Kassian, ambaye ni katibu, aliweka kalamu chini. Akauliza, "Mwalimu, si ungemwambia tu Burgi avumilie siku nne zaidi?"

Ukumbi ukacheka. Burgi alikuwa anagawa supu ya madonge ya jibini. Akamjibu kwamba alikaa na uchungu saa kumi na tisa, na kama katibu anatamani siku nne, yeye yuko tayari kumshika mkono. Ukumbi ukacheka zaidi. Nilidhani kura zimekuja kwangu.

Ndipo mama mmoja mwenye mapacha wa Agosti akauliza wanawe wataangukia wapi. Nikatazama jedwali. Wangekuwa wadogo kuliko wote kundini mwao. Safu ile sikuwa nimeisoma hadi chini.

Waliokubali: mmoja. Waliokataa: thelathini na mmoja. Burgi anasema hakuweza kuinua mkono kwa sababu ya upawa. Ana mikono miwili. Sikulifuatilia.

Jumamosi, 10 Januari

Mpango wa pili ni bora zaidi.

Katika mbio za nguzo, ambamo mtoto hushuka akizizunguka nguzo zilizochomekwa thelujini, anayetangulia hupata njia laini. Kila anayepita huchimba kidogo pale anapokata kona, hata wa nyuma hushuka katika mitaro. Na wageni wa kundi hupewa namba za nyuma. Ronja amepewa arobaini na saba kati ya arobaini na tisa. Lakini wapo wazazi wanaosimama kando ya njia kuisawazisha baada ya watoto kadhaa kupita. Kwa nini baba yake asiwe mmoja wao?

Kocha Hedi aliniuliza kama nimewahi kuifanya kazi hiyo. Nilijibu kwamba nimeisoma. Akanipa nguzo ya tisa hadi ya kumi na mbili. "Hapo pana mteremko mdogo, baba. Huwezi kuharibu kitu."

Jumapili, 11 Januari

Asubuhi, jua, digrii tisa chini ya sifuri. Hadi namba arobaini na sita nilifanya kama wenzangu: nilishuka kiubavu, nikakwangua, nikapanda tena. Kisha nikapata sekunde arobaini kabla ya Ronja. Nguzo ya kumi na moja ilikuwa na mtaro wa kutia aibu. Nilichota theluji mpya kando kwa koleo, nikaujaza, nikaupapasa ukawa laini kabisa.

Ninachokijua sasa ni hiki: njia ya mbio humwagiwa maji usiku ili igande. Theluji laini juu yake ni kama unga juu ya sakafu yenye vigae.

Ronja alikuja vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Magoti mbele, mikono imetulia. Alipofika kwenye kazi yangu skii zilizama, yeye akazunguka, akaipita nguzo upande usio wake na kukaa chini.

Kassian alikuwa mwamuzi wa nguzo inayofuata. "Mwalimu," akaniita, "umemtandikia mtoto, naye amelala."

Ronja alitazama theluji. Akatazama koleo. Nilianza kumweleza kuhusu mitaro.

"Baba, sogea."

Alipanda hatua tano kiubavu, akaizunguka nguzo upande unaotakiwa, akaendelea. Katika matokeo alikuwa wa mwisho, sekunde ishirini na mbili nyuma ya aliyemtangulia.

Nilishuka nikiwa nimeshapanga maneno ya kumzuia asirudishe suti. Nilimkuta katikati ya wale wasichana warefu. Walikuwa wameona kila kitu kutoka chini. Mmoja alikuwa akiniigiza mimi na koleo, na kusema kweli, alinipatia. Aliyeshinda alimkatia Ronja nusu ya mkate wake, akamwambia kwamba yeye mwaka wake wa kwanza alikuwa wa mwisho hadi Machi, tena bila msaada wa baba.

Garini Ronja alicheka hadi darajani. Alinisimulia nguzo zote, kuanzia ya kwanza. Suti hakuitaja, nami nikajikaza nisiulize. Karibu na nyumbani akasema kundi lake jipya husafiri pamoja kwa basi dogo la Hedi, naye atapanda kuanzia Jumapili ijayo.

Nikasema vema. Nikawasha vifuta kioo. Hakukuwa na theluji wala mvua.

Kisha akasema, "Jumatano basi halipo. Unaweza kunipeleka. Ila usiingie njiani."

Alhamisi, 15 Januari

Jana tulikwenda. Mbwa wa rafiki yake amezaa watoto sita.

Leo limetoka tangazo la mbio za wazazi za mwezi Machi. Makundi ni mawili: chini ya miaka sitini, na sitini kwenda juu, kwa mwaka wa kuzaliwa. Wazazi wawili wamemwandikia katibu kwamba ingekuwa haki zaidi kuhesabu siku yenyewe ya kuzaliwa.

Mimi nimezaliwa tarehe 28 Desemba. Siku ya mbio nitakuwa na miaka hamsini na tisa, lakini kwa mwaka wa kuzaliwa nahesabiwa sitini, nimo katika kundi la wazee, ambako mpinzani wangu mkuu ana miaka sabini na mmoja na nyonga ya bandia.

Nimemwandikia Kassian barua ya kurasa sita. Nimeeleza kwa upole kwamba Januari mosi ni tarehe ya busara, kwamba mstari ni lazima upite mahali fulani, na kwamba anayeangukia upande mbaya hana budi kujifunza uvumilivu.