Mwajiri wa Karatasi

Ofisi ya Gody Machibya ilikuwa Mwisenge, ndani ya steshenari ya Burito. Ofisi yenyewe ni benchi, na benchi ni la Burito, lakini koti la suti lilikuwa la Gody, na watu wengi wakiona koti hawaulizi zaidi. Siku hiyo aliingia dada mmoja mpole, Wegesa wa Nyasho, kuprinti mkataba wake. Gody aliusomea begani kwa dada wa watu, taratibu, bila aibu.

Wegesa alifanya kazi nyumbani kwa kompyuta, akijibu malalamiko ya wateja wa kampuni ya magodoro ya Ireland. Mkataba ulisema yeye si mwajiriwa bali mkandarasi wa kujitegemea: kodi ajilipie, likizo ajipe, akiugua shauri yake.

"Pole sana, dada," Gody alisema.

"Pole ya nini, kaka?"

"Unalipwa kutoka nje na huna mwajiri hapa nchini. Kisheria unaelea. Siku wakikukagua, watakudai kodi ya tangu ulipozaliwa."

Huo ulikuwa uongo mtupu, maana mkandarasi hujisajili mwenyewe na kulipa kodi yake bila kumpigia mtu magoti. Gody hakuona haja ya kuligusia hilo. Alitoa dawa: yeye awe mwajiri wake. Hela ya Ireland ipitie kwake, akate kodi na michango ya hifadhi ya jamii, achukue na kidogo cha usumbufu, kitakachobaki ampe Wegesa kama mshahara. Wegesa akasema kwanza atamuuliza mama.

Mama yake, Rhobi, alikuwa amekuja kutoka Butiama kwa sababu ambayo Gody hakuijua. Wegesa alikuwa na mimba changa, baba wa mtoto ameyeyukia machimboni pamoja na simu yake, na Ireland walikwishajibu kwa adabu kubwa kwamba mkandarasi hana likizo ya uzazi. Wegesa aliogopa atajifungua leo na kesho yuko kwenye kompyuta.

Rhobi aliisikiliza habari ya Gody mpaka mwisho.

"Huyo ni mwizi," alisema.

"Najua, mama."

"Basi saini."

Rhobi alikuwa na uzoefu. Hakujaliwa mtoto wa kiume, hivyo kwa desturi ya nyumba ntobu alitoa ng'ombe akamwoa msichana, ili watoto wa msichana huyo wawe wa nyumba yake. Kwa ukoo, yeye ndiye mume.

"Nilikuwaga nadhani nimepata jina tu," alimwambia bintiye. "Kumbe kliniki mimi, uji mimi, ada ya shule mimi. Anayeitwa mume ndiye anayelisha. Mwache ajiite mwajiri."

Wegesa akarudi na sharti moja: mkataba ufuate sheria za kazi za Tanzania, zote. Gody alifurahi. Alipakua mkataba mrefu mtandaoni, hakuusoma, akampelekea wakili augonge muhuri.

Miezi iliyofuata ilimneemesha. Kodi aliikata kila mwezi kwa uaminifu mkubwa, na kwa uaminifu uleule akaitia mfukoni. Kanisani alihamia benchi la mbele. Bunda alinunua kiwanja, na huko akawa anajitambulisha kama mwajiri wa kimataifa.

Mwezi wa saba wa mkataba Wegesa aliingia steshenari, tumbo mbele, mama nyuma.

"Shikamoo, bosi," Rhobi alisema.

Gody akashtuka. Mama wa umri ule kukupa shikamoo si dalili njema.

"Nimefuata likizo ya uzazi," Wegesa alisema. "Mshahara kamili, siku themanini na nne. Ila daktari anasema ni pacha, na kwa pacha sheria inasema mia. Taarifa nilikuletea kwa maandishi miezi mitatu iliyopita, nasikia uliifungia maandazi."

"Waombe Ireland."

"Mwajiri wangu ni wewe, kaka. Muhuri unaonekana vizuri kabisa."

"Dada, ile ilikuwa karatasi tu."

"Hata mimi niliambiwaga hivyo nikitoa ng'ombe," Rhobi alisema.

Gody akatangaza kwamba mkataba ameuvunja.

"Sawa," Wegesa alijibu. "Twende basi kwa watu wa mapato ukawaeleze kodi uliyonikata iko wapi. Si mbali, hata kwa miguu tunafika."

Kiwanja cha Bunda kiliuzwa wiki hiyohiyo, kwa hasara. Hela yake ilimaliza kodi, ikamaliza michango, na ya likizo haikubaki. Hapo Wegesa akamhurumia mwajiri wake. Alimkumbusha kuwa kwa Ireland yeye bado ni mkandarasi wa kujitegemea, na mkandarasi anaruhusiwa kuweka mtu wa kumshikia kazi, na Ireland hawajali nani anajibu, ili mradi wateja wajibiwe.

Sasa ukipita Nyasho asubuhi utamkuta Gody kwenye kompyuta, anamwomba radhi mama mmoja wa Ireland ambaye godoro lake limebonyea katikati. Chumba cha pili Wegesa amelala na watoto wake pacha. Rhobi humletea Gody uji, huketi pembeni, humuuliza kama kodi ya mwezi ameshapeleka. Ameshapeleka. Ndiyo hela ya kwanza maishani mwake Gody kuitolea jasho, na yote ni mshahara wa Wegesa.