Jiko la Maji la Koplo Manasseh

Mvua ya Nyamache huja saa nane mchana, na siku ile ilikuja saa nane kasoro. Manasseh alikuwa amejibanza chini ya turubai kwenye mazishi ya mtu asiyemjua, kwa sababu alikuwa amefuata harufu ya nyama. Hapo ndipo alipowaona akina mama wanane wakipuliza kuni zilizolowa, macho mekundu, wali haujaiva, na mchungaji ameshaangalia saa mara tatu. Mtu mwingine angewahurumia tu. Manasseh naye aliwahurumia, lakini huruma yake siku zote ilikuwa ya kibiashara.

Aliyewaongoza wapishi hao alikuwa Mama Eucabeth, mwenyekiti wa kikundi kinachopika kwenye mazishi na harusi za eneo zima. Hii ilikuwa mara ya pili mfululizo wanawalisha watu wali wenye kiini kigumu. Ijumaa walikuwa na mazishi mengine, makubwa zaidi, na wakikosea tena kazi yote ingeenda kwa akina mama wa Nyacheki. Kilichomshangaza Manasseh ni kwamba walikuwa na jiko kubwa la gesi, la kupikia sufuria tatu kwa mpigo, zawadi ya mgombea mmoja wakati wa kampeni. Lilikuwa bado limefungwa kwenye boksi. Mweka hazina wao, Bochaberi, alikuwa amesikia kwamba mtungi hulipuka, na hakuna aliyejitolea kuhakikisha.

Manasseh nusura aangue kicheko. Kule Kisii mjini, Janat mwenye hoteli alikuwa amemwambia waziwazi: niletee jiko la gesi nikupe kiti nyuma ya kaunta, uwe mshirika wangu. Usipolileta, usinizoee. Manasseh alikuwa na miaka arobaini na minne, na magoti yake yalikuwa yamechoka kuwakimbia wateja. Alikitaka kile kiti kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Siku mbili baadaye alirudi na koti la mvua, gunia, na cheo. Cheo alikuwa amejipa mwenyewe njiani.

"Mimi ni Koplo mstaafu," alisema. "Mwanajeshi akiwa porini hawashi moto, adui asije akaona moshi. Anatia maji kwa hii mfuko, chakula inachemka yenyewe. Mama, nyinyi adui wenu ni nani?"

"Wamama wa Nyacheki," alijibu Mama Eucabeth bila kufikiri. "Wameona hii kitu?"

"Bado."

"Basi wasione."

Haki yake apewe: mifuko hiyo ipo kweli. Ina unga ndani, na unga huo ukikutana na maji huchemka hadi ukapasha pakiti ya chakula. Manasseh alikuwa nayo mitano ya kweli, aliyoipata kwa Sabir, muuza mitumba, pamoja na biskuti ngumu ambazo alizila zote. Mitano hiyo ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Mia tatu iliyojaa gunia aliishona mwenyewe, na ndani yake kulikuwa na mchanga na jivu la jikoni kwake.

"Chagueni wowote," alisema.

Bochaberi alichagua mmoja katikati ya gunia, akauweka mezani. "Na obokima inaweza iva hapo?" aliuliza. Swali lilikuwa zito, maana mtu aliyekula bila ugali kule huhesabiwa hajala.

"Ya obokima ni saizi kubwa, inakuja na kontena ingine," alisema Manasseh. "Lakini kabla ya kupika, tuombe. Chakula ya jeshi pia ni chakula."

Hii ndiyo ilikuwa mbinu yake, na aliionea fahari. Kule watu huombea chai, huombea safari, huombea hata mkutano wa kupanga maombi, na wakiomba hufumba macho. Manasseh aliinua mkono wa kulia mbinguni, wa kushoto ukaingia kotini. Aliposema amina, mfuko wa mchanga ulikuwa umelala kotini na wa kweli ulikuwa mezani. Akatia pakiti ya maharagwe, akamimina maji. Mfuko ukavuma, ukatoa mvuke, na baada ya dakika kumi maharagwe yaliunguza ulimi wa Bochaberi.

"Buya mono, ni nzuri sana," alisema Mama Eucabeth polepole. "Afande, hatuna pesa. Tuna jiko la gesi tu, na tunaiogopa."

Manasseh alijifanya kusitasita, kwa heshima ya kazi yake. Alifungua boksi, akalikagua jiko na mtungi wake, akalifunga tena kwa kamba mwenyewe. Akashika gunia kulikabidhi.

"Ngoja," alisema Mama Eucabeth. "Biashara kubwa hivi haiwezi enda bila maombi. Na wewe unaomba vizuri kushinda mchungaji wetu. Vua hiyo koti, imelowa, Bochaberi aitundike. Simama hapa mbele ya gunia, inua mikono yote mbili, utubarikie."

Hapo ndipo sifa ilipomponza. Manasseh alijua anaomba vizuri, lakini hakuwahi kuambiwa. Aliombea mahindi, majani chai, ndizi, wajane na vijana walioko Qatar. Nyuma yake akina mama walianza kuimba, wakipiga makofi na kukanyaga kwa nguvu. Aliguswa kweli, machozi yakamlengalenga, akaongeza dua ya dakika tano kwa ajili ya barabara.

Pikipiki ilimfikisha Kisii kabla ya saa kumi, boksi likiwa zito vilevile. Janat alikata kamba mbele ya wateja wake. Ndani yalikuwamo mafiga matatu, meusi kwa masizi, yamefungwa vizuri kwenye leso kuukuu.

"Usijali, nina jiko la jeshi," alisema Manasseh, akachomoa mfuko kotini na kuutia maji. Likatoka tope.

Alipiga simu palepale. "Mama, tulifunga macho sisi wote."

"Wewe ndiye ulifunga," alisema Mama Eucabeth. "Mimi nimelea watoto sita. Nikifunga macho yote mbili wakati wa maombi, nyama inaisha kwa meza. Hizo nne za ukweli tumezitoa kwa koti, asante. Na Ijumaa tunawasha gesi. Tangu Bochaberi aone maji ikichemsha maharagwe, haogopi kitu tena."

Janat aliyatazama mafiga, kisha akamtazama Manasseh. Kiti cha nyuma ya kaunta kilikuwa wazi pale, na mto wake mpya. Manasseh alikitazama pia, na roho ikamuuma.

"Umeleta jiko," alisema Janat. "Kuni ziko kule nyuma, zimenyeshewa kidogo. Anza kupuliza."

Akapuliza hadi macho yakawa mekundu. Moto ulipokubali, Janat akateleka sufuria, akasema bismillahi, macho yake yote mawili yakiwa wazi.