Musalaba ya Kilometa 32

Kazi moja (jumatatu), tarehe 14 Oktoba 2024

Mama Kapinga amesema tena. Moyo yake inachoka, macho inazimika, na anaomba kitu moja tu: udongo kiloko, kiganja moja, ya kaburi ya baba, siku atakufwa bamuwekee naye mu sanduku. Baba alikufwa 1975, mi nilikuwa na miaka mbili. Alizikwa Kilometa 32, kambi yenye bazungu balijenga na reli yake, juu ya kufunga maji ya Lualaba. Barrage, ile ukuta ya kufunga maji, haikuisha. Batu balienda, makaburi yakabakia.

Shemeji Ezéchiel, bwana ya dada yangu Elise, akarukia: ataenda na pikipiki yake siku ya posho, jumamosi. Mama akamubariki. Akamubariki! Mi mutoto ya kuzaa, hajanibariki hata siku nilimuletea redio. (Redio haikusema. Haikuwa kosa yangu.)

Siku ya posho ni mbali. Mi naenda kesho.

Kazi mbili, tarehe 15

Nimefika. Kilometa mingi kwa miguu, mu njia ya treni yenye haina tena treni. Reli balishaiba, mbao za chini balishachoma makala. Nikaanguka mara mbili. Ku gare, pale treni ilikuwa inasimama, saa haina mishale. Mu sinema, muti umeota katikati ya viti. Ukuta ya barrage imesimama nusu, na Lualaba inapita pembeni kama haijawahi kuona mutu pale. Nilikaa kiloko. Nikajiuliza nyumba yetu ilikuwa gani. Zote ni sawasawa, hazina mapaa. Nikasikia huzuni, basi nikasimama haraka.

Makaburi sasa. Kampani haikuandika majina. Kila musalaba ni chuma, na namba ya kazi ya mutu. Ya baba ni 4417. Mama anaijua kuliko siku ya kuzaliwa kwangu, juu kila siku ya posho alikuwa anaiitikia mu mulolongo ndio bamupimie unga, mafuta na samaki.

Misalaba karibu yote bameiba. Imebakia tatu. 3908. 4120. Na 4411.

Nikaangalia ile 4411 muda murefu. Moja ni nini? Ni saba yenye haijavaa kofia! Nikajisifu: akili gani hii, Kankolongo! Nikaing'oa.

Mvua ikapiga. Nikakimbia. Nikasahau udongo. Nikachota pembeni ya barabara, pale nilingojea gari. Udongo ni udongo.

Kazi tatu, tarehe 16

Hénock, fundi wa kuchomelea byuma, amenivalishia ile moja kofia. Akasema saba yangu inachechemea. Wivu tu. Nikapaka rangi.

Kazi ine, tarehe 17

Niliingia na musalaba ku bega, na udongo ya barabara mu mufuko ya suruali. Elise akalia. Ezéchiel akaniletea kiti, shemasi muzima! Mama akanishika kichwa na mikono mbili, akasema mi ndio mutoto yake, na Mungu anibariki. Miaka makumi tano na moja nilingojea ile neno. Nikalia na mi, nikalia kweli, nikasahau kwamba ilikuwa uongo.

Kisha akapapasa namba na kidole. Pole pole. Akarudisha kidole nyuma. Akapapasa tena. Akaomba batu yote batoke, mi nibakie.

Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kofia ya saba ni mupya na ingine yote ni ya zamani. Kwamba hii ni 4411. Kwamba 4411 ni tata Mianda, muzee jirani yetu ya mulango na mulango. Muke ya Mianda alikuwa anasimama mbele ya mama mu mulolongo, na kila siku ya posho mama alisikia ile namba mbele ya kuitikia yake. Hakunitukana. Angenitukana tu!

Akauliza kitu moja tu: niliing'oa wapi? Juu Mianda na baba balikufwa siku moja, wagon moja ya treni yenye simenti iliwaangukia. Balizikwa siku moja, bega kwa bega. Baba ni ku kushoto ya Mianda. Udongo yenye nilileta ni ya Mianda, nitupe; nimuonyeshe Ezéchiel tu ile shimo, atachota ya baba.

Nikajibu naijua muzuri sana.

Siijui.

Siku ya posho, tarehe 19

Tulienda na pikipiki. Mvua ya siku ine imepita pale. Kila mahali baliiba musalaba kuko shimo, na kila shimo imejaa maji. Yangu ni moja kati yao. Ezéchiel alipiga magoti mu matope na suruali yake ya kanisa, akaingiza mukono mu moja, mu ingine, akitafuta yenye ingali mupya. Nusu ya siku. Hakupiga kelele. Afazali angepiga.

Baba alikuwa pale, hatua ngapi sijui. Alikuwa na alama moja tu ku dunia, na mi niliibeba ku bega.

Jua likaanza kushuka. Nikanyoosha kidole kwa nguvu, nikasema: hii hapa. Akaniangalia. Akachota ku kushoto ya ile shimo, akajaza kamufuko.

Kazi tatu, tarehe 23

Mama amekufwa juzi. Jioni tulirudi na pikipiki, alishika kale kamufuko ka udongo, akaniuliza kama ni ya kweli. Nikasema ndiyo, mama. Akasema asante, mutoto yangu. Kama aliamini, sijui. Nauliza ukuta tangu juzi.

Siku ya posho, tarehe 26

Tulimuzika kazi ine, na kamufuko mu mukono. Musalaba yake ni ya mbao. Muchwa itaikula mbele ya Noeli. Ezéchiel anasema ataagiza ya chuma kwa Hénock, jina muzima, Kapinga, tungojee mwezi moja. Mwezi! Kila kitu ni Ezéchiel!

Musalaba ya tata Mianda iko nyuma ya mulango yangu. Nitairudisha. Siku moja.

Lakini nimekumbuka: kule Kilometa 32 kumebakia mbili, 3908 na 4120. Chuma ya zamani, nguvu, na hakuna mutu anaenda kuziangalia. Mama yangu anastahili musalaba ya kweli, na ataipata kwa mutoto yake.

Naenda kesho asubuhi, Ezéchiel akiwa ku kanisa. Safari hii nabeba na tupa, nikwangue namba pale pale.