Kanuni ya Pazia

(Ukumbi wa jamii, Changamwe, Jumamosi moja ya Novemba 1998. Mwenyekiti anasimama, anasubiri makofi. Anazidi kusubiri.)

Mheshimiwa Diwani, ambaye ametuma udhuru. Msaidizi wa Mheshimiwa Diwani, ambaye naye ametuma udhuru. Bwana Chifu, ambaye kiti chake tunakiona. Mashekhe wetu, wachungaji wetu. Mameneja wa timu kumi za Ligi ya Kikapu ya Tarakilishi ya Mombasa Bara, kuanzia Miritini hadi Shelly Beach. Mke wangu Bi Dorcas hapo safu ya mbele. Na mimi mwenyewe, Nicanor Thoya, Mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni, Nidhamu, Tarakimu na Shughuli Nyinginezo: nawasalimu nyote kwa mujibu wa itifaki. (Makofi ya watu wanne.)

Ndugu zangu, tulipoanzisha ligi hii mwaka wa tisini na tano, walimwengu walitucheka, wakauliza ni watu gani hawa wanaocheza kikapu bila mpira, bila uwanja na bila jasho. Leo, miaka mitatu baadaye, kila Jumatano mameneja wanaandika majina ya wachezaji wao watano, ambao wote wamezaliwa ndani ya mashine, wanatumbukiza karatasi katika sanduku la Kamati, mimi nalibeba hadi kwangu Chaani, tarakilishi, ama kompyuta kwa lugha ya wasiosoma, inazipokea, inazichambua, inaziunganisha na intaneti ya ulimwengu mzima, na Jumamosi nawasomea hapa nani kamfunga nani. Kwa takwimu za Kamati, ufanisi umepanda kwa asilimia mia moja na nne. (Sauti: "Hiyo nne ni ya nini?") Ni ya ziada, bwana.

Nanyi ni mashahidi. Kila mwaka mmekuja ujumbe mzima nyumbani kwangu, mkavua viatu, mkaletewa chai na mahamri, na nyuma ya pazia la chumba cha ndani mkaisikia kwa masikio yenu ikichakata data: trrr, trrr, ikinyamaza kidogo, halafu trrr. Mzee Mwinyihaji wa Kisauni alitokwa na machozi. (Mzee Mwinyihaji anaitikia kwa kichwa.) Na kwa kuwa ninyi ni watu mliolelewa mkaleleka, hakuna mwanamume aliyethubutu kuvuka pazia la nyumba ya mwenziwe. Huo ndio ustaarabu uliobeba sistimu hii.

Sasa tuingie kwenye mabadiliko ya kanuni. Pendekezo la kwanza ni la umri. Kuanzia leo, na kuanzia pia miezi minane iliyopita, mchezaji yeyote aliyetimiza miaka thelathini na tano atastaafu, na ushindi alioleta utafutwa. Mnajua kwamba Likoni, chini ya Bi Mwanatatu, ndiyo inayoongoza ligi. Mfungaji wake, yule Babu wa futi saba, amekaguliwa upya na tarakilishi, akakutwa na miaka thelathini na sita. Akiondoka yeye, bingwa wa msimu ni Chaani, ambayo meneja wake, kwa bahati iliyonishangaza hata mwenyewe, ni mimi. (Minong'ono.)

Naona mkono. Kamati haimzibi mtu mdomo. Sema, dada.

(Bi Mwanatatu anasimama. "Kaka Thoya, Jumamosi iliyopita ulitusomea hapa kuwa Babu ana miaka ishirini na sita. Wallahi nimeandika. Kazeeka miaka kumi kwa wiki moja?")

Swali zuri, na swali zuri halijibiwi kwa pupa. Wachezaji wa intaneti, dada, huzeeka kwa saa za ng'ambo. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ni sayansi.

(Bi Mwanatatu haketi. "Mimi sitaki sifa. Mliahidi bingwa atapewa magoli mawili ya chuma kwa mtaa wake. Nina wasichana kumi na mmoja kule Likoni, wanarushia mpira ndoo isiyo kitako, tumeifunga kwa kamba kwenye mkorosho. Mwaka wa tatu huu nawaambia wangoje. Nimechoka kuwaambia wangoje.")

Kamati imeguswa. Imeguswa mno, na itaunda kamati ndogo ya kuichunguza ndoo hiyo. Ama magoli, yako njiani; yalipakiwa, yakapakuliwa, yakapakiwa tena kwa heshima zaidi.

Na hilo latuleta kwenye pendekezo la pili, Kanuni ya Kumi na Nne, iitwayo Kanuni ya Pazia. Simlengi mtu. Lakini imeifikia Kamati kwamba kuna meneja fulani, mwanamke, tena wa Likoni, aliyetamka sokoni kuwa wanaume ndio wanaozuiwa na adabu, ama yeye hakuna la kumzuia kuvuka pazia akamwamkue mke wa mwenye nyumba, na kwamba atafanya hivyo leo hii baada ya mkutano. Kwa hivyo inapendekezwa kwamba meneja yeyote, awe mume awe mke, asivuke pazia la chumba cha tarakilishi, iwe kwa kuamkua, kwa kutoa pole, au kwa kuomba chumvi, kwani pumzi za watu huitia mashine homa.

(Mzee Mwinyihaji, bila kuinuka: "Thoya mwanangu, mwanamke kukatazwa kumwamkua mwenziwe, hiyo si kanuni. Huo ni ukosefu wa adabu.")

Maoni ya mzee yamenakiliwa. Wanaounga mkono waseme ndiyo. (Sauti moja, ya mwenyekiti.) Wanaopinga? (Kishindo.) Wa ndiyo wameshinda.

Sasa nikisema Kikapu, mwitikie Maendeleo. Kikapu! (Kimya.) Tarakilishi! (Mtu anakohoa.) Pazia! (Kimya.) Vizuri sana, nidhamu imeimarika.

Mwisho kabisa, muungwana hasahau fadhila. Nawashukuru nyote, lakini shukrani zangu kubwa ni kwa mke wangu, Bi Dorcas, fundi cherehani asiye na mpinzani Chaani nzima, ambaye kila mlipokuja kututembelea alijitolea kuketi nyuma ya lile pazia akishona sare za shule, akinyamaza nikikohoa mara moja, akianza tena nikikohoa mara mbili, na ambaye ameniahidi kwa moyo mkunjufu kwamba ataendelea kushona hadi siku ile tutakapopata tarakilishi. Asanteni, na Mungu awabariki.

(Hakuna makofi. Bi Mwanatatu anakwenda hadi safu ya mbele, anampa Bi Dorcas mkono. "Hujambo, wifi?" Bi Dorcas anaushika kwa mikono miwili. "Sijambo. Miaka mitatu mwaja kwangu, leo ndiyo naamkuliwa. Lile pazia nililishona mwenyewe, nikifika nalitungua. Ni kitambaa kizuri, chatosha fulana. Wasichana kumi na mmoja, ulisema?" Mwenyekiti anakohoa mara moja. Bi Dorcas hanyamazi.)